Ipe Kazi Yako Mwisho Kabla Hujaianza

Swali ni lile lile, ingawa huja kwa sura nyingi. Mmoja ana riwaya iliyokwisha kujaza madaftari matatu na bado haijafika katikati. Mwingine anaongoza kwaya yenye nyimbo za kutosha albamu nzima, lakini kila mwezi huongeza wimbo mmoja na kubadilisha miwili. Yuko fundi wa nguo wa ng'ambo kule Alunguli ambaye mitindo yake mipya ya vitenge imebaki kwenye karatasi, na yuko mstaafu wa reli anayetaka kuacha historia ya ukoo wake kabla kumbukumbu hazijamtoka. Wote wanauliza: nifanye nini ili nimalize? Na karibu wote wanajilaumu kwamba ni wavivu, au wanasema kwamba Kindu si mji wa kufanyia kazi kama hizo.

Sikubaliani na lawama hizo. Mtu mvivu hajazi madaftari matatu. Kinachokosekana mara nyingi ni mwisho wenyewe: kazi ilianzishwa bila kuamua itahesabiwa imekwisha ikifika wapi, itakabidhiwa nani, na siku gani. Kazi ya namna hiyo haimaliziki hata ukiipa miaka 10, kwa sababu hakuna alama ya kukuambia kwamba umefika. Zinazofuata ni hatua za kuiwekea kazi mwisho, pamoja na mifano ya watu waliomaliza, wengi wao wa pande zetu hizi za mashariki na kusini mwa Kongo.

Andika sentensi ya mwisho wa kazi

Chukua karatasi, uandike sentensi moja inayojibu mambo manne: kitu gani, kiasi gani, mkononi mwa nani, tarehe gani. Likikosekana moja, bado huna lengo, una nia tu. Linganisha:

- "Nataka kuandika kitabu juu ya Maniema." Hiyo ni nia.
- "Nitaandika kurasa 80 za daftari juu ya familia zilizofika Kindu pamoja na reli, na Jumapili ya mwisho ya Machi nitamkabidhi mwalimu wangu wa zamani." Hilo ni lengo.
- "Kwaya yetu itatoa albamu." Hiyo ni nia.
- "Tutarekodi nyimbo hizi 8 tulizoziorodhesha, na kuzipeleka kwenye redio ya mjini wiki mbili kabla ya Pasaka." Hilo ni lengo.

Wapo watakaosema kwamba kuweka kiasi ni kuifunga kazi ya sanaa, na kwamba hadithi au wimbo hujua wenyewe utakapoishia. Pingamizi hilo ni la haki, na linastahili jibu lenye ushahidi. Kwa majirani zetu Wanyanga wa Walikale, utendi wa Mwindo umesimuliwa kizazi hata kizazi. Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck alikutana na msimulizi She-Karisi Rureke, naye kwa siku 12 akasimulia, akaimba na kucheza habari zote za Mwindo huku zikiandikwa. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, waliutafsiri, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Jambo la kuzingatia ni hili: kabla ya hapo Rureke hakuwa amewahi kuusimulia utendi wote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kutoa sehemu moja moja, kwa kadiri hadhira ilivyotaka usiku ule. Kipaji alikuwa nacho siku zote, na hadithi aliijua siku zote. Kilichoongezeka mwaka 1956 ni makubaliano: yote, mfululizo, mbele ya watu waliokaa kumngoja. Mpaka huo haukumpunguzia Rureke uzuri wa usimulizi wake. Uliukusanya ukawa kitu kimoja ambacho leo kinasomwa vyuoni katika nchi nyingi.

Kwa hiyo usiogope kuandika "kurasa 80" wakati hujui kama hadithi itataka 70 au 95. Nambari hiyo inaweza kusogea kidogo. Isiyofaa ni kuiacha wazi kabisa, kwa sababu mlango huo ukiwa wazi kila wazo jipya linaingia na kuketi, na wewe unadhani unaendelea mbele kumbe unapanuka tu.

Lengo liwe juu ya kilicho mikononi mwako

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaandika kwamba lengo ni "kitabu changu kichapishwe" au "wimbo wangu ujulikane Kinshasa". Kuchapishwa ni uamuzi wa mchapishaji na wa fedha yake, na kujulikana ni uamuzi wa wasikilizaji. Ukiweka lengo juu ya uamuzi wa wengine, utaacha kazi siku ya kwanza utakaposikia kwamba fedha hakuna.

Mshairi Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika kwa miaka mingi, na maandishi yake aliyaandika kando ya kazi hiyo ya mshahara. Utenzi wake mrefu juu ya Vita Kuu ya Pili, Utenzi wa Vita vya Uhuru, una beti zipatazo 3,000. Ulichapishwa mwaka 1967, na yeye alikuwa amefariki mwaka 1962. Utenzi ule ulikuwa umekamilika kabla haujapata mchapishaji, na kwa kuwa ulikuwa umekamilika, ulimngojea mchapishaji miaka yote hiyo bila kuharibika. Utenzi ulioachwa katikati usingekuwa na cha kumpa. Weka lengo lako kwenye kukamilisha na kukabidhi. Hatua ya kuchapa, kuuza au kutangaza uiandikie sentensi nyingine, siku nyingine.

Gawa kazi katika vipande ambavyo kila kimoja kina mwisho wake

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga aliishi kwa kuuza picha zake, kama wachoraji wengi wa mitaani wa Lubumbashi wa wakati wake. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi hii katika picha zaidi ya 100, kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Alizipeleka kwa mafungu, na kila fungu wakalizungumzia kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Mwaka 1996 Fabian alizitoa katika kitabu. Historia ya Kongo yote ni kazi ya kumtisha mtu yeyote, awe na elimu kiasi gani. Lakini kila picha ilikuwa na mipaka yake: kitambaa kimoja, tukio moja, maneno machache ya kulieleza. Ikikamilika inatoka mkononi, na mchoraji anaanza nyingine. Hakusubiri kuielewa historia yote ndipo achore picha ya kwanza.

Wazee wa Walega kule Pangi walilijua jambo hili kwa njia yao. Katika Bwami, chama chao cha madaraja, mtu hakupanda hadi daraja la juu la kindi kwa mara moja. Alipitia madaraja yaliyojulikana, na katika kila daraja alipaswa kukusanya mali, kupata msaada wa jamaa zake, na kufundishwa methali kwa kuonyeshwa vitu vyake. Kila daraja lilikuwa na sherehe na mashahidi, na aliyeishia katikati ya ngazi bado alikuwa na cheo chake kamili.

Vipande vya kazi yako vinaweza kuwa hivi:

- Riwaya: sura moja, iliyoandikwa hadi nukta ya mwisho hata kama lugha bado haijanyooka.
- Albamu ya kwaya au ya kaswida: wimbo mmoja, kuanzia maneno hadi kurekodiwa.
- Historia ya ukoo: mzee mmoja aliyehojiwa, maneno yake yakaandikwa safi, akasomewa na kuyakubali.
- Mavazi: vazi moja lililoshonwa hadi kifungo cha mwisho na kuvaliwa na mtu.

Onyo: usigawe kazi kwa hatua zinazoacha kila kitu nusu. Fundi akichora mitindo yote 10, kisha akanunua vitambaa vyote, kisha akakata vyote, siku atakapougua au fedha itakapohitajika hospitalini atabaki na rundo la vipande lisiloweza kuvaliwa wala kuuzwa. Akishona vazi moja hadi mwisho ndipo akaenda la pili, siku hiyo ya shida itamkuta na mavazi 3 yaliyokamilika, na moja kati ya hayo anaweza kuliuza. Katika mji ambapo dharura huja bila kubisha hodi, utaratibu huu ni wa lazima.

Panga tarehe, kisha uirefushe

Watafiti watatu wa Kanada, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, walichapisha mwaka 1994 matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini kazi zao za mwisho za kuandika. Kwa wastani walisema siku 34. Kwa wastani wakamaliza kwa siku 55 hivi. Lenye kufundisha zaidi ni kwamba waliombwa pia wakadirie siku kama kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, wakasema karibu siku 49, na hata hizo hazikutosha. Hao walikuwa watu wenye umeme, maktaba na barabara. Mtu wa Kindu, ambaye karatasi zake huenda zinakuja kwa ndege au kwa treni isiyojulikana itafika lini, asijidanganye kwamba makadirio yake ni bora kuliko yao.

Hesabu iwe hivi. Kurasa 80, kurasa 2 kila kikao, vikao 2 kwa wiki: hizo ni wiki 20. Ongeza nusu yake, zinakuwa wiki 30. Ukianza mwanzoni mwa Septemba, utamaliza mwishoni mwa Machi. Kama sehemu yoyote ya kazi inategemea umeme wa SNEL, mashua, treni au fedha ya mtu mwingine, sehemu hiyo uihesabu mara mbili.

Kabla ya kuiandika tarehe, pitia mwaka wako wote:

- Wiki za kulipa karo, za mitihani ya Serikali kwa walimu na wanafunzi.
- Miezi ya kupanda na kuvuna mpunga kwa wenye mashamba.
- Ramadhani, Krismasi, Pasaka, na harusi za kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti.
- Misiba. Hujui ni lini, lakini unajua itakuwepo. Acha wiki 3 au 4 tupu ndani ya mpango kwa ajili ya matanga na magonjwa.

Wengine wataona kwamba tarehe ndefu inalegeza mtu. Ingekuwa hivyo kama tarehe ingekuwa moja tu, ile ya mwisho. Lakini kila kipande kina tarehe yake, na ile ya karibu zaidi isiwe mbali kuliko wiki 3. Mpango mrefu wenye vituo vifupi humpa mtu nafasi ya kuanguka na kuinuka. Mpango mfupi, ukivunjwa na msiba mmoja wa wiki mbili, huachwa wote kwa aibu.

Taja saa na mahali

"Nitaandika nikipata nafasi" ni ahadi isiyo na miguu. Mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, pamoja na mwenzake Veronika Brandstätter, mwaka 1997 walieleza jaribio la wanafunzi waliotakiwa kuandika ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Kati ya walioandika mapema wataketi wapi na saa ngapi, kiasi cha robo tatu walimaliza. Kati ya wale waliokuwa na nia tu, walimaliza karibu theluthi moja. Nia zilikuwa sawa, tofauti ilikuwa mahali na saa.

Kwa hiyo andika: "Jumanne na Ijumaa, baada ya kula jioni, nitakaa nyuma ya nyumba na daftari." Funga kikao kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila wiki, kama kurudi kutoka sokoni, kutoka swala ya Alasiri, au kufunga duka. Usikifunge kwenye umeme. Umeme ukija utumie kuchaji simu, lakini kikao kifanyike kwa mwanga wa jua au taa yoyote uliyonayo. Na kikao kiwe kifupi kiasi kwamba hata siku ya uchovu huwezi kukikataa: nusu saa inatosha. Mama mwenye watoto wadogo asipange vikao vya saa tatu ambavyo havitakuwepo.

Mtafute mtu mmoja anayeingoja kazi hiyo

Kama ungechukua shauri moja tu katika haya yote, ningependa liwe hili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye Maniema inamfahamu kwa jina la Tippu Tip, alitawala sehemu kubwa ya nchi hii kutoka Kasongo kwa bunduki na kwa biashara ya pembe na watumwa. Uzeeni, akiwa Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Aliyaandika kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeyataka: Mjerumani Heinrich Brode alimhimiza, akayapokea maandishi yake ya herufi za Kiarabu, akayaweka katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwaka 1905 Tippu Tip alifariki. Miaka ile michache inaonyesha jinsi nafasi ilivyokuwa finyu.

Ni kitabu kinachouma kukisoma kwetu, kwa sababu anayesimulia ndiye aliyeshika bunduki. Wale waliotembezwa kwa minyororo waliacha maneno machache mno, kwani hakuna aliyeketi mbele yao kuwauliza na kungoja jibu. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba mstaafu anayetaka kuandika habari za ukoo wake asiifanye kazi hiyo kuwa ya siku isiyojulikana. Nusu ya historia ya Maniema bado iko vichwani mwa wazee, na kila kiangazi tunawazika kadhaa wao.

Mtu wa kungoja achaguliwe kwa uangalifu:

- Awe anaitaka kazi yenyewe. Mjukuu anayetaka kujua babu zake walitoka wapi anafaa kuliko rafiki anayekupenda tu.
- Awe na ujasiri wa kuuliza, "Yaya, sura ya tatu iko wapi?" bila kuona haya.
- Asiwe mtu wa nyumba moja nawe, kama inawezekana. Aliye ndani ya nyumba anajua shida zako zote na atakusamehe haraka.
- Asiwe mkubwa kiasi cha kukutia hofu. Ukimwogopa utamficha kazi.

Mkabidhi kipande kimoja kimoja, kwa tarehe. Usimwombe akusifu wala akosoe kila neno. Mwombe apokee, asome na kukuambia alipochoka au aliposhindwa kuelewa. Kama huna mtu wa namna hiyo, tafuta wenzako wawili wenye kazi zao, mkutane Jumapili moja kati ya mbili, na kila mmoja aje na kipande mkononi. Anayekuja mikono mitupu naye aje vilevile, akae na kusikiliza.

Kuna hatari upande wa pili. Usiutangazie mtaa mzima kwamba unaandika kitabu. Watu watakuita "mwandishi" kabla hujaandika, utazoea jina hilo, na kazi itapungua haraka.

"Lakini mimi..."

"Sina vifaa." Mwaka 1871, hapa hapa Maniema, David Livingstone aliishiwa na karatasi na wino. Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, akaandika juu ya maandishi yake yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea wa huku. Katika kurasa hizo aliandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai mwaka huo, ambayo aliyaona kwa macho yake. Bila kurasa zile mbovu, tungelijua tukio hilo kwa uchache sana. Daftari la shule na biki vinapatikana katika kila mtaa wa Kindu. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuhifadhi maneno ya mzee na sauti za kwaya kwa hatua ya kwanza. Anza na vilivyopo, na vifaa bora vikija vitaikuta kazi imesonga.

"Kiswahili changu si kile cha vitabuni." Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa mji ule, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Hakungoja kufundishwa sarufi ya Unguja. Maandishi hayo leo yanachunguzwa na wataalamu wa historia na wa lugha kwa sababu yanaeleza mambo ambayo wakubwa wa zamani hawakuyaandika. Andika Kingwana chako, Kiswahili cha huku kwetu, unavyokisema. Kama baadaye utataka Kiswahili sanifu au Kifaransa, utakuwa na kitu cha kusanifisha na kutafsiri.

"Bado haijawa nzuri." Pengine ni kweli, lakini hakuna anayeweza kurekebisha mwisho ambao haujaandikwa. Mara ya kwanza lengo ni kufika. Ukifika, jipe mzunguko mmoja wa kusahihisha, wenye tarehe yake. Ukijipa mizunguko isiyo na hesabu umerudi ulikotoka.

"Ninasubiri moyo uniwashe." Siku nyingine utakuwa mzito, na siku hizo andika kurasa mbili dhaifu. Mara nyingi, mwezi ukipita, msomaji wako hataweza kuzitofautisha na zile ulizoandika ukiwa na furaha.

Makosa yanayojirudia

- Kuanza kila kikao kwa kusoma na kurekebisha yote ya nyuma. Soma ukurasa mmoja wa mwisho tu, kisha songa.
- Kubeba kazi tatu kwa pamoja. Chagua moja, nyingine ziandikie mstari mmoja mmoja nyuma ya daftari zikusubiri.
- Kununua vifaa badala ya kufanya kazi. Kipaza sauti hakiandiki wimbo.
- Kufidia vikao vilivyokosekana kwa kukesha usiku mmoja. Ukikosa, endelea na kikao kinachofuata kama ilivyopangwa. Deni la kurasa lilipwe katika zile wiki tupu ulizoziacha.
- Kukosa nakala. Kosa hili nalitaja mwisho kwa kuwa ndilo lenye hasara isiyorudi.

Kama kazi haistahili kuendelea

Si kila kilichoanzwa lazima kimalizwe, na kuna watu wanaoburuta kazi ya zamani kwa sababu tu wanaona haya kuiacha. Jiulize maswali mawili. Je, kama ningeianza leo, ningeichagua? Je, yuko mtu hata mmoja anayeihitaji? Majibu yote mawili yakiwa hapana, ifunge rasmi: andika ukurasa mmoja unaoeleza ulifika wapi na kwa nini umeacha, weka tarehe, funga daftari kwa kamba. Jibu moja likiwa ndiyo, punguza kiasi badala ya kuacha. Riwaya ya kurasa 200 inaweza kuwa hadithi fupi ya kurasa 15. Historia ya ukoo mzima inaweza kuwa maisha ya bibi mmoja. Albamu inaweza kuwa nyimbo 3. Kupunguza si kushindwa ikiwa kilichobaki kinakamilika na kufika mkononi mwa aliyekingoja.

Siku ya kukabidhi

Andika jina lako, mahali na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu msomaji wa miaka 50 ijayo hatajua. Kama ni historia ya ukoo, andika na majina ya waliokusimulia na vijiji vyao, kama wamekubali. Kisha toa nakala kabla ya kukabidhi. Wino wa Livingstone ulififia kiasi kwamba kurasa zile za Nyangwe zilisomeka vizuri tena kwa msaada wa vifaa maalumu vya mwanga tu, katika karne hii, na hakuna atakayeleta vifaa hivyo kwa ajili ya daftari lililolowa katika nyumba inayovuja. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mtumie ndugu aliye Goma, Lubumbashi au popote penye mtandao mzuri. Nakala moja ya fotokopi iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki katika nyumba isiyo yako. Nyimbo ziwekwe kwenye kadi mbili za kumbukumbu za simu, na kadi hizo zisikae pamoja.

Ukiisha kukabidhi, usianze kazi nyingine wiki hiyo. Ngoja wiki mbili, msikilize aliyepokea atasema nini, ndipo uchukue karatasi na kuandika sentensi mpya yenye mambo yake manne.